Mwalimu Lyson Namalomba, Aliyekuwa Che Pitala wa Redioni

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike kijijini kwenu Chiradzulu, kando ya mama yako. Waliokusikia redioni kila Jumapili mchana, kwa zaidi ya miaka ishirini, walikufahamu kwa jina la Che Pitala, yule mume mjuaji ambaye kila kipindi alishindwa maneno na mkewe. Sisi wa nyumbani, hapa Ndirande, tulikuwa na mtu mwingine: mwalimu wa darasa la tano, mpole, asiyependa kelele wakati wa kula, aliyekula dagaa wake akianza na vichwa.

Ulianza na igizo la siku ya kufunga shule. Mwalimu mkuu alikuwa ameomba wimbo. Wewe ukaleta ugomvi wa mume na mke juu ya kuku mmoja, ukaigiza wote wawili, na kuku pia. Mzazi mmoja aliyekuwa akifanya kazi redioni akakuita ukajaribu sauti. Hukuacha ualimu, lakini tangu siku hiyo Che Pitala alihamia kwetu.

Kila neno uliliandika mwenyewe. Ulikaa jikoni kwenye kigoda, ukamsomea Mama akiwa anasonga nsima. Akicheka kwa adabu, ulifuta. Akiachia mwiko na kujishika mbavu, uliendelea. Maneno mengi ya mke wa Che Pitala yalikuwa ya Mama mwenyewe, naye alilijua hilo.

"Baba Thoko, siku hizi nikikukaripia, Malawi nzima inajua."

"Basi nikaripie vizuri, mke wangu, maana Alhamisi tunarekodi."

Sokoni hukuweza kununua nyanya kama watu wengine. "Che Pitala! Leo mkeo kakutuma au kakufukuza?" Nawe hukumnyima mtu jibu. "Kanituma. Kunifukuza kapanga baada ya kula."

Kisha Bibi akafariki. Ulisimama kaburini kwa niaba ya watoto wake, umeshika kofia. Ukakohoa, ukasema, "Mama yangu alikuwa mtu wa..." Mtu mmoja nyuma akacheka. Wa pili akacheka, kisha kicheko kikatambaa katikati ya wanawake waliokuwa wametoka tu kuimba nyimbo za msiba. Mwenyekiti wa mazishi aliwanyamazisha huku naye amejiziba mdomo. Ulingoja kidogo. Ulipofungua kinywa tena, ikawa vilevile. Ukavaa kofia yako, ukaketi.

Wiki hiyohiyo ulimwambia mtayarishaji wa kipindi kwamba umeacha. Mama alijaribu kukutuliza. "Hawakumcheka mama yako. Wameizoea ile sauti tu."

"Sauti ni yangu, Enelesi," ukamjibu. "Che Pitala nilimwazimisha tu. Juzi niliitaka mwenyewe kwa dakika moja, nikanyimwa."

Hukuandika tena. Ulirudi kutoka shule, ukasahihisha madaftari, ukalala. Sokoni ukaanza kumtuma mwanao Yankho. Mvua zikaanza, zikaisha, na redioni wakawa wanarudia vipindi vya zamani.

Aliyekutoa huko ni Abiti Kazembe, rafiki wa Bibi tangu usichana wao. Alikuja kutoka kijijini na mahindi mabichi kichwani, na kabla hajapewa hata maji ya kunywa alikuwa ameshaanza.

"Wewe mtoto, umetunyima redio! Jumapili tunakaa tunatazamana kama mbuzi."

"Mlinicheka msibani, mama."

"Tulicheka, ndiyo. Nani kakwambia ulikuwa unachekwa? Redio ya kijiji kizima ilikuwa ya mama yako. Tulijazana kwake hadi barazani. Ukikohoa tu, kabla hujasema kitu, yeye kashaangua kicheko: 'Huyo wangu huyo!' Nasi tunamfuata. Siku ile umekohoa, ukaanza kusema, na yeye yuko mbele yetu pale. Tungefanya nini? Tulicheka naye kama kawaida."

Ulimletea maji. Kisha ukamuuliza, polepole, Bibi alikuwa anacheka sehemu zipi. Mlizungumza hadi mahindi yakaiva.

Kipindi chako kilichofuata, Che Pitala alimzika mama yake. Mwanzoni aligombana na wachimba kaburi, akagombana na kwaya, watu wakacheka hadi basi. Halafu akaombwa aseme neno, nawe ukamweka Che Pitala kando, ukazungumza kama wewe mwenyewe. Ukayasema yote uliyokuwa umetaka kusema Chiradzulu, kwa utulivu, hadi neno la mwisho. Kesho yake ulikwenda sokoni mwenyewe. Muuza nyanya alikupimia, akakuongezea mbili. "Pole, Mwalimu," akasema. Hakuwa amewahi kukuita hivyo.

Ulifanya kazi miaka mingine tisa, mpaka figo zilipokuzuia. Siku za mwisho ulikuwa ukisema, Mama anaandika, na pale alipodhani unaweza kusema vizuri zaidi alibadilisha bila kukuuliza.

Baada ya mazishi yako, redio ilirusha vipindi vyako kila Jumapili. Mama alisema redio yetu izimwe. Majirani, kwa heshima, wakapunguza zao. Mtaa mzima ukawa unakusikiliza kwa kunong'ona. Ikawa hivyo mwezi, na zaidi. Jumapili moja Mama akaacha kufua, akaenda kwenye ua na mikono yake ina mapovu, akamwita jirani yetu.

"Mama Kaphuka! Ongeza sauti. Nimechoka kusikia watu wazima wanacheka kwa kujibana."

Akasimama hapohapo mpaka kipindi kikaisha.

Unakumbukwa na mkeo Enelesi, wanao Thokozani na Yankho, dada yako Dorika wa Chiradzulu, mkweo Masautso, wajukuu zako, na wanafunzi wako wa darasa la tano, ambao wengine sasa wana wajukuu wao.

Siku zote tutakukumbuka, Baba.