Supu ya Usipa Kituoni Nagoya

Dada Konsolata, shikamoo.

Humu kwenye kituo cha treni kuna kibanda cha tambi, watu wanakula wamesimama ndipo wakimbilie kazini. Leo nilisikia harufu kama ya usipa wetu, dagaa wa ziwani, ukichemka, nikaingia mbio kama niko nyumbani Lipingo, kwenye matanga ya mama mliyoyamaliza bila mimi. Mpishi akachuja supu, samaki wote akawamwaga kwenye pipa la taka! Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nawataka hao. Akainama kuomba radhi, akafunika pipa. Basi nikanywa maji ya samaki nimesimama, bila mkeka, bila hata mtu mmoja wa kunipa pole.

Nakupenda, dada. Lakini mazishi mlishindwa kuyangojesha hata siku mbili. Kanga za mama msizigawe zote kabla sijafika.

Mdogo wako, Beno