Kesi ya Miguu Chini ya Dawati

Shuleni, karibu na Migwani
Jumatano jioni

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umekaa, maana najua ukiisoma umesimama jikoni, muthokoi wa wateja wako madereva, mahindi na maharagwe yake, utaungua. Goti lako likoje? Na kuku wa ndugu yangu Mumbua, yule aliyekuwa anataga kwenye beseni la unga, amepata adabu? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, sijaumwa tangu shule ifunguliwe.

Utashangaa kwa nini naandika Kiswahili badala ya Kikamba chetu. Sababu ya kwanza ni kwamba karatasi ya insha inakuja wiki ijayo na tumeambiwa tufanye mazoezi. Sababu ya pili ndiyo ya kweli. Kwa Kikamba nikiandika neno moja tu, naona uso wako. Kwa Kiswahili naweza kufika mwisho wa sentensi kabla sijaogopa.

Kuna barua nyingine inakuja kwako, ya shule, ina muhuri. Imeandikwa kwamba mimi nimedanganya katika moki, mtihani wa majaribio. Kama imefika kwanza, tafadhali usilie na usimpigie Baba simu kule Mombasa. Kama haijafika, ikifika uiweke chini ya hii. Si kweli, na hata deputi mwenyewe, naibu wa mwalimu mkuu, amekubali si kweli, lakini mfuko wa posta ulikuwa umeshaondoka. Barua ya kuifuta hiyo ataiandika.

Sasa nianze mwanzo.

Unanijua. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu linakwama kooni mpaka mwalimu anamuuliza mwingine. Basi mwezi wa pili Mwalimu Mwikali, anayetufundisha jiografia na muziki, alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza ngoma ya shule kwa ajili ya mashindano. Wote wenye midomo walijaribu. Wakashindwa, maana kiongozi wa ngoma hasemi. Anapuliza filimbi tu, na kila mlio una maana yake: huu rukeni, huu geukeni, huu chini. Mwalimu akanitazama nikipita na ndoo ya maji, akasema, "Wewe Kioko, kwa nini unatembea kama mtu anayehesabu?" Nikaendelea na hatua zangu. Akasema, "Huyu ndiye."

Mwaitu, naongoza watu thelathini. Mimi. Nikipuliza wanaruka juu pamoja, nikinyamaza wanangoja. Nimekuficha jambo hili miezi mitano, na nyumbani likizo nilikuwa nafanya mazoezi nyuma ya choo nikikwambia ni mchezo wa viungo. Hilo ndilo kosa langu la kwanza ninalokiri.

Moki ilianza wiki iliyopita. Jumamosi, badala ya burudani ya kawaida ya shule, tulipewa ruhusa kwenda Kitui mjini kwa mashindano ya wilaya. Basi la shule ni bovu, kwa hivyo Mwalimu Mwikali akakodi lori la Mzee Abdi, yule mfanyabiashara anayeleta mbuzi kutoka upande wa Garissa. Mzee Abdi alilipiga maji, akamwaga majivu, akasema, "Safi kama msikiti." Lakini harufu ya mbuzi haisikii maji. Mtoni likazama kwenye mchanga, tukashuka tukasukuma kwa sare zetu. Tulipofika, wasichana wa shule moja ya mjini wakashika pua.

"Nyinyi mmekuja kucheza ama kuuzwa?"

Rafiki yangu Mutua, ndiye anayepiga ngoma, akawajibu, "Tumekuja kuuzwa, lakini bei yetu hamuiwezi."

Mwaitu, tulicheza vumbi likafika kwa majaji. Tulipokuwa tunatoka uwanjani mmoja wa wale wasichana akaniuliza jina langu nikasahau kumjibu. Tukawa wa kwanza, tukapata safari ya kwenda mashindano ya mkoa. Kurudi tuliimba njia yote, Mzee Abdi akipiga honi kwenye kila kiitikio.

Jumatatu asubuhi ilikuwa biolojia, karatasi ile ya kuchagua A, B, C au D. Nilikuwa nimesoma vizuri. Nilifika kwa maswali ya figo, nikawa natafakari, na miguu yangu chini ya dawati ikaanza yenyewe: kulia mara mbili, kushoto mara moja, ngoja. Sikujua. Lakini Mutua anakaa nyuma yangu, na Mutua akisikia miguu yangu, vidole vyake havina akili ya kukataa. Akajibu kwenye dawati. Mimi nikaongeza. Yeye akaongeza.

Msimamizi alikuwa mwalimu mpya wa hesabu, kijana aliyetoka chuo juzi. Alisimama kati yetu muda mrefu akisikiliza. Halafu akachukua karatasi zote mbili.

"Mnapigiana majibu!"

Kwa deputi tulisimama kama kondoo wa mnada. Mwalimu wa hesabu akaeleza: "Mguu mmoja ni A, mbili ni B, tatu ni C, nne ni D. Nimewahesabu kwa masikio yangu."

Deputi akauliza, "Na pale walipopiga saba?"

Mwalimu akafikiri. "Hiyo bado naichunguza."

Deputi hakucheka. Kwake udanganyifu si mchezo. Alisema karatasi zetu ni sufuri, jina langu linatoka kwenye orodha ya safari, na wazazi waje. Akaandika barua hapohapo, karani akaipeleka posta. Kisha akanitazama. "Wewe huna mdomo?"

Nilitaka kunyamaza kama kawaida yangu. Lakini nikaona nikinyamaza, Mutua anaanguka na mimi. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipanga, "Mwalimu, sijadanganya. Nilikuwa nacheza."

"Ndani ya mtihani?"

"Miguu ndiyo ilikuwa inacheza, mwalimu. Mimi nilikuwa kwenye figo."

Nikamwomba alinganishe karatasi zetu. Akazitandaza mezani, akateremsha kidole swali kwa swali. Majibu yetu yalikuwa hayafanani hata kama watu wa ukoo mmoja. Yangu mengi yalikuwa sawa. Ya Mutua, basi tuseme figo zake ziko kichwani. Mutua akasema kwa upole, "Mwalimu, kama Kioko alinitumia majibu haya, huyu ni adui yangu." Hapo deputi akageukia dirisha, mabega yakimtikisika. Alama zetu tumerudishiwa, na jina langu limerudi kwenye orodha ya safari. Biolojia mimi ni wa pili darasani, na moki nyingine sina wasiwasi nazo. Nitapita, Mwaitu. Nasema hivyo bila kujigamba.

Lakini tulipokuwa tunatoka, deputi akaniita nyuma. "Mkoa ni Embu, siku tatu, moki ikiisha. Mama yako anajua unacheza?"

Akanipa fomu ya ruhusa, ya kusainiwa na mzazi.

Nakumbuka ile siku ya sherehe kwa chifu, ngoma ilipolia ukanishika mkono ukaniondoa, ukasema, "Miguu hii tuliiombea." Najua Susu, nyanya yangu, alicheza kilumi, ngoma ya kuita mapepo, na najua ulivyoteseka kuiacha ngoma ulipookoka, mpaka ukawa mwongoza kwaya. Sitaki kubishana nawe. Nimejipima tu. Uwanjani sikuita pepo yeyote. Niliita watu thelathini, wakaja pamoja, na tangu siku hiyo nimejibu maswali mawili darasani kwa mkono juu.

Bwenini wengi wanasainiana fomu za wazazi. Mutua alichukua kalamu akasema, "Mama yako anaandika vipi herufi M, nimalize?" Nikamnyang'anya. Nikienda Embu kwa jina lako la wizi, huo ndio utakuwa udanganyifu wa kweli, na hakuna deputi atakayeulinganisha.

Ukisema nisiende, Mwalimu Mwikali atamweka mwingine, na mimi nitabaki nisome. Sitanuna. Lakini nikija nyumbani sitajifanya sikuwahi kucheza, wala sitarudi nyuma ya choo.

Nisalimie Baba akija mwisho wa mwezi, na ndugu yangu Mumbua mfuga kuku, na Susu anayekulalamikia tumbaku. Mjomba Nzioka wa kituo cha petroli mwambie kalamu aliyonipa bado inaandika. Kwaya yote uisalimie, ukiona inafaa.

Ni mimi mwanao nikupendaye, na leo nisiyekuficha kitu,

Kioko

Fomu nimeikunja humu ndani. Pale pa kusaini nimekuwekea alama ya penseli, inafutika.