Suruali ya Baba Kwenye Keria

Dada Mwajuma,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: mimi navaa suruali. Ni ile kuukuu ya marehemu Baba, ambayo Mama alinipa niikunje juu ya keria ya baiskeli ili magunia yasikwaruzwe na vyuma. Siikunji. Naivaa.

Sasa shikamoo, dada yangu. Ndani ya bahasha kuna barua mbili. Ile fupi msomee Mama, hii soma peke yako. Kikohozi chake kimepungua? Mtoto ameshaanza kutambaa? Mimi ni mzima, ila magoti yamechubuka, na nina hasira nisiyojua niipeleke wapi.

Kazi yangu hapa kijijini unaijua: kila Jumamosi nafuata bidhaa za duka letu la ujamaa stesheni ya Urambo. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Walinichagua kwa kuwa nimemaliza darasa la saba na naweza kusoma hati za mizigo. Hakuna aliyeuliza nitapandaje. Baiskeli ni ya kiume, ina bomba pale juu. Nikirusha mguu, gauni linapanda. Nikijifunga kanga, upepo unaipeleka kwenye mnyororo. Na gunia likikaa nyuma, gurudumu la mbele linayumba kama mlevi. Basi miezi miwili nilikuwa naisukuma tu, maili kumi, nafika jua linazama na kina mama wamechoka kusimama na vibakuli vyao.

Fundi baiskeli wa hapa, Mzee Chilewa, ni Mgogo, yaani mtani wetu, na mtani hakasirikiwi. Hunipigia kelele mbele ya watu: "Mnyamwezi gani wewe! Babu zako walipita njia hii hii na pembe za ndovu kichwani mpaka pwani. Wewe una magurudumu mawili, unayachunga kama mbuzi!" Watu wanacheka, mimi nainamisha kichwa. Jibu hunijia kesho yake, nikiteka maji.

Kisha mwenyekiti wa kijiji akasema chumvi ikichelewa tena, baiskeli atapewa mwingine. Dada, ni mara ya kwanza watu kuniamini na kitu. Jumamosi ile, nikirudi na mzigo, nikapanda. Sikufika mbali. Karibu na mabanda ya kukaushia tumbaku mnyororo ukaimeza kanga, nikaanguka, gauni likapasuka mpaka pajani, debe la mafuta likamwagikia chumvi. Wanaume walitoka mabandani kunisaidia kuinua baiskeli, nikawakatalia. Nilikaa chini nimejikunyata mpaka walipoondoka. Wakanisema nina kiburi!

Chumvi ile iligawiwa hivyo hivyo. Mama mmoja aliinusa, akaniambia, "Mwanangu, leo mlenda wangu utawaka wenyewe."

Mwenyekiti alinipa Jumamosi moja tu ya mwisho. Niliingia nyuma ya kichuguu, nikavaa suruali ya Baba, nikachomeka gauni ndani, nikafunga miguu ya suruali kwa ukanda wa mpira. Nilikwenda Urambo kama ndege. Karibu na stesheni nikavua, na wakati wa kurudi nikafanya vivyo hivyo. Adhuhuri haijaadhiniwa, chumvi iko dukani, kavu.

Mzee Chilewa akaja kuizunguka baiskeli. "Leo nani kakubebea, Mnyamwezi?"

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimepita upesi kabla babu zako hawajaniziba njia kudai hongo ya kupita, kama walivyowatoza babu zangu!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Baiskeli nimeachiwa.

Lakini sina raha. Juzi mwenyekiti alihutubia juu ya wasichana wanaovaa kihuni, suruali zikiwemo, na vijana wa chama walipiga makofi. Wote wanaitaka chumvi yangu mapema. Nikikutwa na suruali ile, hakuna atakayekumbuka chumvi. Nifanye nini? Nirudi kusukuma?

Msalimie shemeji na cherehani yake, na bibi yetu muuza vitumbua, na jirani aliyenifunza kupanda baiskeli pale mtaani kwetu Ng'ambo. Mwambie hakunifunza na gunia.

Mama ameuliza kama suruali ile inafaa kwa mizigo. Mwambie inafaa sana, tangu nianze kuitumia hakuna kilichomwagika. Asikie hayo tu. Mengine, dada, nakuomba yaishie kwako.

Mdogo wako,
Tatu