Barua Niliyowasomea Watu wa Zahanati

Kwa mdogo wangu wa tumbo moja,

Mimi kaka yako nina miaka themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, wenyeviti saba, na daktari aliyesema sifiki sitini. Salamu nyingi. Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Mimi ni mzima, hata magoti yananiogopa.

Nasikia tangu tumzike binti yako unanisifu kwa watu, kwamba kaka alimlipizia. Ni kweli. Ukuta wa wodi ya zahanati ulipomwangukia akimfunga mgonjwa kidonda, ni mimi niliyeongoza watu hadi kwa karani wa serikali. Walisema ofisi ilijua kuhusu nyufa ikanyamaza. Tulivunja mlango, tukamburuta hadi barabarani. Wengine walirusha vijiwe vya woga. Mimi nilimvunja mkono kwa fimbo, pigo moja, na uzee huu. Fundi viatu akanisihi, basi babu, inatosha. Nikamwambia akashone.

Karani akalia, "Mzee, barua si nilikupa mkononi?"

Nikampiga mdomoni. Akarudia. Nikampiga mpaka meno yakatoka, na watu wakadhani ni uchungu wa msiba.

Ndugu yangu, alinipa. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni mimi, na miaka kumi na minne najigamba hakuna karatasi ya serikali isiyopita kwangu. Barua ile ilitoka kwa mhandisi. Karani alitaka kuwasomea watu kisha aibandike ubaoni. Nikamnyang'anya, nikasema hiyo ni kazi ya mwenyekiti, yeye arudi ofisini kwake. Kuandika hivi polepole naweza, lakini zile herufi za mashine hunikimbia. Nikasimama mkutanoni, nikakohoa, nikasoma ya kichwani mwangu: serikali inawasalimu, inawapongeza kwa usafi. Wakanipigia makofi. Binti yako alikaa mstari wa mbele. Siku ya tisa ukuta ukaanguka.

Juzi nilimpa fundi viatu barua ile anisomee. Ilisema wodi ile ifungwe siku hiyohiyo.

Karani yuko hospitali, kafungwa pingu kitandani, anashtakiwa kuficha onyo. Nikishatuma hii naipeleka ile ya mhandisi polisi kwa miguu yangu. Usije kunitetea. Ukija, njoo na fimbo.

Wasalimie wote, kama watazipokea salamu zangu.

Kaka yako mkubwa.

Ukidhani akili imenihama, muulize fundi viatu. Au karani mwenyewe: kusema hawezi, ila mkono wa kulia niliuacha mzima, atakuandikia.