Mawe Mawili ya Barabara ya Mbugani

Matombo, 12 Februari 2023

Mpwa wangu Winfrida,

Pokea salamu zangu huko Dodoma, nikitumaini kwamba u mzima kama kinu cha mninga. Huku hatujambo. Mama yako Filomena naye hajambo, ila goti linamsumbua akipanda kwenda kanisani, na akishuka ananisumbua mimi. Simu yangu imezama mtoni, ndiyo maana nashika kalamu. Mwandiko unaujua. Darasa la tano niliacha kwa sababu mwalimu aliishiwa, siyo mimi.

Sasa sikiliza. Barabara ya mbugani siku hizi ina magari ya watalii, na yote yanapita mbele ya shamba letu la migomba. Nimetundika kibao: AJABU ZA MJOMBA, PIGA PICHA HAPA. Kwanza niliwaeleza habari za yule chatu aliyevuka barabara kuanzia saa mbili mpaka saa nne, lori la ndizi likisubiri mkia. Wakataka kumwona. Nikasema amehamia Kingolwira.

Ndipo nikakumbuka yale mawe mawili kule chini shambani, yenye kimo cha mtu aliyeketi, mabega, kichwa na kila kitu. Mzungu mmoja alisimamisha gari aende haja, akayaona, akasahau kilichomshusha. Lakini jiwe tupu halimtoshi mgeni. Basi nawafanyia kama tufanyavyo makaburini kwetu: naweka togwa na ugali kidogo mbele ya kila jiwe, napiga makofi, naita jina. Usishtuke! Marehemu sijamgusa hata mmoja, wazee wetu hawachezewi. Nimeita walio hai, ambao hawana la kunifanya. Moja nimeliita Lukasi, yule jirani yetu mmenya mdalasini, kwa sababu ni fupi na limekaa kama linadai kitu. La pili nimeliita Filomena.

Wewe unapiga picha za kalenda. Njoo Pasaka na kamera yako, ulimwengu umjue mjomba wako.

Ni mimi mjomba wako,
Laurenti

*

Dodoma, 17 Aprili 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama, na zile ndizi zimefika zimeiva zote kwa mpigo. Mama namwamkia sana. Goti asiache kulikanda.

Picha ninazo hapa na nakutumia sita kwa kondakta wa basi. Hii ya Lukasi amesimama kando ya jiwe lake, akisema "Laurenti, hili ni zuri kuliko mimi, mpe mke wangu abadilishe," imetoka vizuri, nimecheka tena peke yangu.

Lakini nataka kukuuliza kitu. Itazame kwa karibu. Lukasi ana lile kovu la panga juu ya jicho la kushoto. Jiwe nalo lina mstari juu ya jicho la kushoto. Nilizunguka yale mawe asubuhi nzima, mjomba, kazi yangu ni kuangalia, na sikuuona. Nimetazama picha za saa tatu: hakuna. Za saa tano: upo.

Labda ni kivuli. Niambie ni kivuli.

Mpwa wako,
Winfrida

*

Matombo, 3 Mei 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu tele, na pole kwa vumbi la Dodoma. Sisi ni wazima, mvua inapiga, barabara imekatika kule darajani siku nne, watalii wakalala ndani ya magari yao kama kuku.

Kivuli gani! Nilichonga mimi. Wewe ulipokwenda kunywa chai kwa mama yako, nikachukua patasi, tak tak tak, kovu likatoka. Mjomba wako ana mikono, hukujua? Mwaka ule nilichonga picha ya mlango kwenye ukuta wa sakristia mpaka padri akaipigia hodi. Na la mama yako nalo nimeliongezea mikunjo ya kitenge begani. Picha zako nimezibandika kwenye kibao. Magari saba yalisimama Jumapili.

Lukasi siku hizi amekuwa mtu wa kuchekesha. Akimaliza kumenya mdalasini wake, jua bado liko juu, anakuja anakaa mbele ya jiwe lake, kimya. Namwambia, "We Lukasi, unajitazama kwenye kioo?" Anasema, "Nimeitwa." Nikamwuliza na nani. Akasogea karibu zaidi na jiwe lake. Watalii wanampenda, wanadhani nimempanga.

Mjomba wako fundi,
Laurenti

*

Dodoma, 20 Mei 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio hautulii.

Patasi hukuwa nayo. Ulimwazima jirani Thobias tangu Krismasi na Pasaka ulikuwa bado unamlaumu hajairudisha. Na jiwe lile ni gumu, hata nyundo ya wajenzi wa barabara inaruka juu yake. Tafadhali usinidanganye kwenye hili.

Nimekumbuka maneno ya marehemu bibi tulipokwenda kusafisha makaburi. Wewe ndiye mjomba, ndiye mwitaji wa ukoo. Mjomba akiweka chakula, akapiga makofi na kutaja jina, mwenye jina huja. Marehemu huja, hula, hurudi kwake, kwa sababu ana kwake. Wewe umewaita walio hai kwa desturi ileile, kila siku, mbele ya wageni, tangu Februari. Aliye hai akija atarudi wapi, wakati hajaondoka duniani?

Acha, mjomba. Ng'oa kibao. Na uniambie mama anakaa wapi jioni.

Mpwa wako,
Winfrida

*

Matombo, 2 Julai 2023

Winfrida mwanangu,

Salamu. Sina habari za kuzipamba.

Tumemzika Lukasi tarehe ishirini na nne. Hakuugua. Alikaa pale mbele ya jiwe kuanzia Jumatatu, hakutaka kunyanyuka, mkewe akamletea uji, akanywa kidogo, kisha akawa hanywi. Alhamisi hakuwa anapumua. Wanaume sita tulijaribu kumnyoosha, magoti hayakukubali. Tumemzika ameketi, mwanangu. Kaburi tumechimba la mraba kama kisima. Padri alisoma sala akiangalia pembeni.

Nilisema uongo. Sikuchonga kitu. Hata lile la patasi umesema kweli. Mikunjo ya kitenge ilijitokeza yenyewe, kila siku mmoja, nami nikawaambia watalii ni kazi ya mikono yangu kwa sababu waliuliza na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Kibao nimeking'oa siku ya mazishi. Sijaita tena. Lakini jana niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta mama yako shambani, amekaa mbele ya jiwe la pili, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Nikasema, "Filomena, goti litapata baridi hapo chini." Akasema goti haliumi tena. Nikamwinua. Alikuwa mzito, Winfrida. Dada yangu ambaye upepo unaweza kumvusha barabara, nilimwinua na mgongo wangu ukalia. Nikamrudisha ndani. Leo asubuhi alikuwa amekaa palepale.

Laurenti

*

Dodoma, 6 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nimelia mpaka bosi amenipa ruhusa bila kuniuliza, ila ni kuanzia tarehe ishirini, kalenda haijaisha. Nitakuja.

Mpaka hapo mfunge mama ndani kama ni lazima. Mlishe. Mwongeleshe, mchokoze, msimulie chatu wako, chochote, asinyamaze. Na uende kwa Bibi Mwanvita, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Najua hamsemezani tangu alipokuita mwongo harusini. Nenda hivyohivyo. Mwambie ukweli wote, usiongeze wala usipunguze, japo mara moja maishani.

Ni mama yangu, mjomba. Sina mwingine.

Winfrida

*

Matombo, 15 Julai 2023

Mpwa wangu Winfrida,

Salamu zikukute unafunga mizigo.

Nimekwenda. Nilipiga magoti mlangoni kwa Bibi Mwanvita, nikasema yote bila chumvi. Ilichukua muda mfupi sana. Nilishangaa jinsi ukweli ulivyo mfupi. Akasema, "Laurenti, tangu utoto mdomo wako unatangulia, wewe unafuata nyuma unahema." Kisha akasema aliyeitwa haambiwi rudi, ni kumfukuza mgeni aliyekaa. Ila mwenyeji anaweza kumwambia mgeni, dada, nipishe, mahali hapo ni pangu. Halafu mwenyeji akae kweli.

Nikamwuliza kama mwenyeji huinuka. Akaniambia niende nyumbani nikale.

Mama yako sasa haongei. Macho yanafuata, basi. Nimemsimulia chatu wote ninaowajua, mpaka yule wa kuvuta treni, hakunikemea hata mara moja.

Kwa hiyo kesho asubuhi, baada ya chai, nakaa mimi. Usiogope, mimi sijawahi kutulia mahali pamoja robo saa, hata kanisani wananijua, hilo jiwe litanichoka lenyewe. Nitakuwa mgeni msumbufu.

Ukifika, mama yako apewe uji wa moto kwanza.

Mjomba wako,
Laurenti

*

Matombo, 24 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo.

Nakuandikia hapahapa, nimekaa hatua mbili kutoka ulipo, kwa sababu nikisema hujibu na barua ulikuwa hukosi kujibu.

Mama ni mzima. Anatembea, anapika, goti limeanza kumuuma tena na analilaani vizuri sana. Alisema alisikia ukimwambia "Filomena, nipishe," akafikiri unataka kigoda. Sasa anakuletea uji kutwa mara tatu. Jana ulimeza kijiko kimoja. Leo bado. Ninakuwekea kiganja chini ya pua na kuhesabu. Jana nilihesabu mpaka arobaini kabla ya pumzi kuja. Leo mchana nilifika mia moja na kumi.

Mikunjo ya kitenge imefutika kwenye jiwe. Sijatazama kilichokuja badala yake, wala kamera sijaitoa kwenye mfuko.

Mama amesema atakaa yeye, wewe ni mdogo wake. Nimemkatalia. Tumegombana mpaka majirani wamekuja.

Saa hizi kuna gari la wageni limesimama barabarani. Kibao hakipo, lakini wamesikia habari huko walikotoka. Wameshuka watano, wameshika simu zao juu, na mmoja ameniuliza kwa adabu kabisa kama inaruhusiwa kulipiga picha hilo jiwe la mbele, lililovaa shati.

Nimesimama mbele yako. Nimewaambia hapana, huyu ni mjomba wangu.

Mpwa wako,
Winfrida