Nani Mwenye Afya Mlangoni?

Jumatatu, 3 Novemba
Kliniki ya wajawazito. Foleni mpaka nje. Mizani imegoma tena, nimeipiga kofi ikakubali. Mchana mzee mmoja akanionyesha simu yake, anacheka. "Nesi, siku hizi unauza dawa?" Picha yangu na sare nyeupe, chini yake kopo la unga wa mizizi. Tumia unga huu, achana na sindano za sukari. Yameandikwa kwenye Afya Mlangoni. Tovuti yetu! Tuliianzisha mimi na marehemu Mwalimu Rashidi. Yeye kule Masasi alijua kompyuta, mimi huku Newala nikaandika maneno: homa ya mtoto, kuumwa na nyoka, sukari, presha. Tangu Mwalimu afariki nilidhani imelala tu. Nimekasirika.

Jumatano, 5 Novemba
Nimempata Hamisi, mpwa wa marehemu, mwenye duka la simu Masasi. Hakukana hata. Jina la tovuti lilisajiliwa na mjomba, kwa mila yao mali ya mjomba ni ya mpwa, naye kamkodishia mfanyabiashara wa unga huo. "Sasa Mama Beno, mbona hukulisajili wewe?" Mwalimu alikuwa hai, basi. Nani anawaza kufa wakati anaandika habari za homa?

Ijumaa, 7 Novemba
Nimepiga simu Dar kwa wanaosajili majina ya tovuti. Dada mpole. Jina ni la aliyelisajili. Akifa, ni la warithi. Naweza kulalamika, ila itachukua muda. Nikapiga ofisi nyingine, ya serikali. Bwana wa huko kasema jina lolote lenye neno afya lingepaswa kuwa chini ya serikali, si chini ya nesi wala muuza simu. Nikamwambia basi lichukueni, hata leo. Kasema hajapata mwongozo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sisi tunagombana, mwenye unga anauza.

Halafu Bi Somoe hajaja kuchukua dawa yake ya sindano, ya sukari. Dada yake Mwalimu, mama yake Hamisi, kaolewa huku kwetu. Huwa hakosi. Sipendi.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa nikaenda kwake. Shikamoo. Marahaba mwanangu, karibu. Amekonda, mashavu yameingia ndani, anakunywa maji kikombe juu ya kikombe. Kopo la unga liko kando ya mtungi. Mjukuu ndiye aliyemsomea tovuti.

"Si wewe uliyesema? Nimekuona kwa macho yangu. Na kile ni kitu cha kaka yangu."

Nikasema si mimi. Akaniangalia kana kwamba namkana kaka yake kaburini. Nimempima, sukari iko juu mno. Kakubali nimchome sindano moja, kwa heshima tu, naona. Ya kesho kasema atamuuliza kwanza mwanawe. Nimerudi nyumbani nikawafokea watoto bure.

Jumamosi, 15 Novemba
Masasi, kikao cha ukoo wao. Nimesema yote, na hali ya Bi Somoe nimeisema. Hamisi akajibu kwamba mama yake kampigia, anajisikia mwepesi. Mwepesi! Anayeyuka.

Mjomba wao mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata shauri. "Huku kwetu ardhi ni ya ukoo, mikorosho ni ya aliyepanda. Jina hilo ni ardhi, limeachwa na mtu wetu. Maneno ni mikorosho yako, Mama Beno. Chukua mikorosho yako." Wote wakaitikia.

Na ni haki. Babu yangu alivuna korosho maisha yake yote kwenye ardhi ya watu, hakuna aliyemgusa. Lakini mkorosho ukiung'oa unakufa. Na watu wameshazoea njia, watakwenda palepale. Hamisi akafuta picha yangu na maneno yangu yote hapohapo mbele yangu, kwa adabu kabisa. Sasa umebaki unga peke yake. Homa, nyoka, presha, vyote vimeondoka. Eti nimeshinda. Njia nzima nimelia, abiria wakadhani natoka msibani.

Jumanne, 18 Novemba
Bi Somoe kaletwa kwa bajaji. Hajitambui. Pumzi inanuka kama mabibo ya korosho yaliyochacha. Dripu, sindano, gari la wagonjwa. Nimekwenda naye hospitali, njia nzima nimemshika mkono na kumwita. Hakuitika.

Hamisi kafika jioni. Matusi nilikuwa nayo tayari, ya kumtosha yeye na mwenye unga wake. Nikamkuta amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, viatu ameshika mkononi. Nikayameza.

Alhamisi, 20 Novemba
Kafumbua macho. Kaomba uji.

Hamisi ameuondoa unga kwenye tovuti, kagombana na mwenye unga kwa simu pale uani mpaka askari wa getini akaja. Kisha akanipa simu na nywila ya tovuti. "Chukua lote, Mama Beno. Mjomba mkubwa nimeshamwambia." Nimechukua. Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua ya kwanza. Bi Somoe yuko nyumbani, ameketi kibarazani na kanga mbili. Wiki nzima nimekuwa narudisha maneno yangu kwenye tovuti. Leo nikamfungulia ukurasa wa sukari aone. Hakuutazama.

"Mwanangu, nitajuaje kama ni wewe?"

Nikamwambia ni mimi, jina liko mikononi mwangu sasa, hakuna mwingine wa kuandika humo.

"Hata siku ile ilikuwa sura yako."

Nikazima simu. Nimemchoma sindano yake, nikakaa naye mpaka akamaliza uji. Wakati naaga kasema niwe nakuja mwenyewe. Nimekubali. Kesho nitapita kabla ya kufungua zahanati.