Virgule za Débora

Nchelenge, asubuhi

Yaya Zéphyrin, kaka yangu,

Mvua imeanza na samaki zetu ndogo za chisense hazikauki. Wewe hauandike, basi mimi naandika tena.

Binti yako Débora yuko ndani ya mtihani wa hesabu, mulango wa darasa umefungwa, nami namungojea inje. Nilimufundisha mwenyewe, vile tulijifunza Congo. Sasa hivi nimeonyesha mwalimu Mable hesabu yetu moja: samaki ine, zote pamoja kilo kumi, kila moja kilo 2,500, maana napenda gramu zote zionekane. Akacheka: "Mama Simone, hiyo si samaki, ni kiboko!" Kumbe huku ngambo ya mupaka virgule, ule mukato mudogo, inaonyesha maelfu. Nukta ndiyo inatenga kilo na gramu.

Ulisema mutoto akianguka mtihani utatuma mutu amurudishe kwetu Pweto, aolewe na ule muzee mwenye mitumbwi. Yaya, kosa ni langu, si lake.

Ametoka sasa, anacheka: "Shangazi, niliweka virgule zote vile ulinifundisha!"

Nimemupa mukate.

Nakuomba, usitume mutu.

Ni mimi mudogo wako,
Simone